Uliyemwandika Utampata Kwenye Foleni ya Ugali

Hii ni hotuba niliyotoa Ijumaa jioni kwa klabu ya wanahabari ya chuo kimoja hapa Nairobi. Kuna komredi aliirekodi kwa simu, nikaisikiza, nikatoa zile "eeeh" zangu na pale maiki ilizima, lakini sijaipamba, nimeiacha vile niliongea.

Makomredi mko aje? Asanteni, kaeni, kaeni. Nyinyi mliosimama mlangoni ingieni tu, viti viko hapa mbele, sijui kwa nini wanafunzi wa uandishi wa habari huogopa viti vya mbele, siku waziri akiita wanahabari mtakaa wapi? Na mwalimu wangu naona ameketi pale nyuma kabisa, shikamoo mwalimu, nimekuona, na najua unahesabu makosa yangu kwa vidole. Tutaongea baadaye.

Niliitwa nije niongee kuhusu "mustakabali wa uandishi wa habari katika enzi ya kidijitali". Nikamwambia mwenyekiti wenu hiyo mada nimeisikia kwa kila semina tangu nimalize chuo, na kila mara tunaondoka tukiwa tumekula samosa na huo mustakabali haujafika. Kwa hivyo leo nitaongea kuhusu nyama.

Ndio, nyama. Nyama ya mesi, pale tunapokula chuoni.

Nilikuwa mwaka wa pili. Gazeti letu lilikuwa karatasi moja ya A3 imekunjwa katikati, kurasa nne, tulikuwa tunachapisha kwa jamaa mmoja wa River Road, ghorofa ya pili juu ya duka la simu, nakala mia mbili, pesa nyingine tunachangishana na nyingine ni tangazo la kinyozi na tangazo la mtu wa photokopi. Mhariri nilikuwa mimi. Msidhani ni talanta, nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa na laptopu.

Sasa muhula huo nyama ikaanza kupungua. Ilikuwa ukinunua ugali nyama unapata vipande vitano, sita ukiwa na bahati, ghafla ni vitatu na kimoja ni mfupa, bei ni ile ile. Hosteli nzima inalalamika. Usiku mmoja tukakaa watu watatu juu ya kitanda changu, mmoja akasema ameona mpishi akitoka jioni na mfuko mweusi, mwingine akasema hata yeye aliuona huo mfuko, na hiyo ndo ilikuwa risachi yetu yote. Watu watatu, kitanda kimoja, mfuko mmoja mweusi. Alhamisi tukatoka na kichwa cha habari kwa Kiingereza, herufi kubwa mpaka yule jamaa wa River Road akatuuliza kama tuna uhakika, kikisema wapishi wanaiba nyama ya wanafunzi. Nakala mia mbili ziliisha kabla ya saa sita. Siku hiyo nilitembea kama mtu ameangusha serikali.

Jumatatu nikaenda kula lunch. Foleni ikasonga, nikafika kwa dirisha, na anayepakua ni mathe mmoja ambaye sisi wote tulimwita Mathe tu, hakuna hata mmoja wetu alijua jina lake na tulikuwa tumekula mkononi mwake miaka miwili. Akaweka ugali kwenye sahani yangu. Akaweka nyama, vipande vitatu, kimoja mfupa. Alafu hakuachilia sahani. Yeye ameshika upande huu, mimi nimeshika upande huu.

Akaniuliza, "Wewe ndo mwenye gazeti?"

Nikasema ndio Mathe.

Akasema, "Msichana wangu wa Form Two ndo alinisomea jana tukitoka kanisa. Mimi hicho Kizungu chenu sikifuati sana. Akafika pale pa kuiba akanyamaza, nikamwambia endelea."

Hakupaza sauti. Ningepigiwa kelele ingekuwa afadhali, si watu wangeona mwandishi anaonewa? Akaachilia sahani, akasema ukimaliza kula zunguka nyuma. Ule ugali sijui hata ulipitia wapi.

Nikazunguka. Kama hamjawahi ingia jikoni ya mesi, ingieni siku moja. Kuna sufuria unaweza kuogeshea mtoto, mwiko ni mrefu kama kasia la mashua, sakafu inateleza, moshi, na watu wanafanya kazi tangu saa kumi za usiku. Mathe akafuta mikono, akatoa kwenye mfuko wa aproni daftari la shule, lile la kurasa 48, limelowa mafuta mpaka herufi za nyuma zinaonekana mbele, na biro imefungwa na uzi. Amechora mistari mwenyewe. Tarehe, kilo zilizoletwa, sahani zilizouzwa. Akaweka kidole kwa muhula uliopita, kilo 70, sahani mia sita. Akafungua kurasa kadhaa, akaweka kidole tena. Kilo 40. Sahani ni zile zile mia sita.

"Piga hesabu," akasema. "Si wewe ndo umesoma?"

Nikatoa simu nikapiga. Kutoka kama gramu 117 mpaka kama gramu 67 kwa sahani, na hiyo ni nyama mbichi, na mfupa wake, kabla haijaingia kwa moto ikanywea. Na ule mfuko mweusi? Maganda ya viazi na ukoko wa ugali. Mwenzake alikuwa anapelekea kuku wake Kawangware.

Yaani stori ilikuwepo. Stori kubwa kuliko ile tuliandika. Kilo 30 kwa siku zimeenda wapi, nani alikata oda, kwa nini bei haikushuka, mwenye kuleta nyama amelipwa ama hajalipwa. Hayo yote yalikuwa kwa daftari la mtu ambaye nilikuwa nampita mara mbili kwa siku nimebeba sahani, na sikumuuliza swali moja, manake kichwani mwangu mwandishi wa habari ni mtu wa kuuliza maswali wakubwa, mpishi unamuuliza nini?

Tukaandika samahani. Unajua tuliiweka wapi? Tukaichapa kwa karatasi moja tukaibandika ubao wa matangazo, ule wa nyuma ya mlango wa mesi, mlango ukifunguliwa haionekani. Mathe akaniita tena. Akasema, "Wizi mliuweka mbele, samahani mkaiweka nyuma ya mlango." Basi toleo lililofuata tukaiweka ukurasa wa kwanza, pahali pale pale, herufi zile zile, na tukaiandika kwa Kiswahili ili asingoje msichana wake. Hiyo ndo ilikuwa habari ya kwanza ya Kiswahili kwa gazeti letu tangu lianzishwe. Aibu kabisa. Kiswahili tuliingizwa na kosa.

Sasa mbona nawaambia haya yote Ijumaa jioni na mna kwenu?

Ni kwa sababu mimi nimefanya kazi kwa nyumba za habari, saa hii ni mhariri msaidizi, kazi yangu ni kupokea stori za wengine na kuzikarabati saa mbili za usiku dedilaini ikiwa imeshapita. Na hapo ndani mtu anaweza kuandika kuhusu chifu wa Turkana ama mfanyabiashara wa Migori miaka kumi na asikutane naye hata siku moja. Akikosea anapigiwa simu na wakili, basi. Lakini nyinyi mnaandika juu ya mtu Alhamisi na Jumatatu yuko mbele yenu ameshika upawa. Ama ni soja wa geti ambaye lazima akufungulie ukichelewa. Ama ni komredi mnalala chumba kimoja. Ama, na hapa ndo kuna moto, ni lekchara ambaye atasahihisha karatasi yako mwezi wa kumi na mbili.

Hiyo karibu-karibu ndo shule yenyewe. Hakuna lekcha inaweza kukufunza hivyo. Sisi tulifunzwa ile nani, nini, wapi, lini, kwa nini, vipi, tukafunzwa piramidi iliyopinduliwa, ile ya kuanza na jambo kubwa zaidi, nikapata A kwa hiyo piramidi, na bado nikaandika mpishi ni mwizi.

Na si ati walioanzisha hizi shule hawakujua. Shule ya kwanza ya uandishi ya chuo kikuu kule Marekani, ya Missouri, ilifungua milango tarehe 14 Septemba 1908, na siku hiyo hiyo wanafunzi wakatoa toleo la kwanza la gazeti lao. Siku hiyo hiyo! Hawakusema tusome nadharia miaka mitatu alafu tuone. Hapa kwetu Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha shule yake ya uandishi 1970 kwa msaada wa UNESCO, na KIMC, chuo cha serikali cha mawasiliano pale South B, imekuwepo tangu 1961, ilianza kwa kufunza mafundi wa mitambo ya redio. Yaani mizizi tunayo. Lakini saa hii nakutana na mtu amemaliza miaka minne, ana digrii, anakuja atachi kwetu, yaani kujifunza kazi, namwambia nionyeshe kitu umewahi kuchapisha, ananionyesha tamu pepa, ile insha ya darasani. Namuuliza studio chuoni hamna? Anasema iko, ni mpya kabisa, lakini funguo ziko na mtu fulani na huyo mtu huwa ameenda lunch.

Mnacheka kwa sababu mnamjua huyo mtu.

Lakini wacha niwe mkweli pande zote, si kosa la mwenye funguo peke yake. Una simu mfukoni ambayo kamera yake inashinda ile tulikuwa nayo chuo kizima. Na unaitumia kuandika maoni kuhusu Ikulu. Nimepitia kurasa zenu kabla sijakuja, msinikasirikie, stori tisa kati ya kumi ni siasa za kitaifa, ambazo umezitoa kwa gazeti lingine, ambalo limezitoa kwa mtandao wa X. Wakati huo hosteli yenu, naambiwa nikiingia getini, haina maji siku ya nne. Nani ameandika hiyo? Hakuna. Na maksi zinazopotea? Inua mkono kama umewahi kupotezewa maksi. Haya, angalieni nyuma yenu. Karibu ukumbi mzima. Kila mmoja amezunguka na karatasi kutoka ofisi hii mpaka ofisi ile akidhani ni bahati yake mbaya peke yake, na hapa ndani kuna klabu ya wanahabari!

Najua kwa nini hamuandiki. Mnaogopa, na si uoga wa bure. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na gazeti la wanafunzi likiitwa Platform, na mhariri wake alikuwa msichana mmoja kutoka Bonde la Ufa, Chelagat Mutai. Liliuma wakubwa, na yeye akafukuzwa chuo. Mwaka wa 1974 akachaguliwa mbunge wa Eldoret Kaskazini, akiwa na miaka 24 tu, na baadaye akafungwa, na baadaye tena akakimbilia Tanzania. Simwambii mtu hapa aende afungwe, mimi mwenyewe ni mwoga. Nasema tu hivi viti mmekalia vina historia, na mlango wa kufukuza umekuwa pale siku zote.

Tofauti ni kwamba nyinyi mko na kitu ambacho Chelagat hakuwa nacho, na hamkitumii. Hapa naomba mtoe simu muandike, hii ndo sehemu ya maana leo, ile nyingine yote ilikuwa hadithi.

Katiba ya 2010, kifungu cha 35. Kila raia ana haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kila raia, haijasema mwandishi, haijasema mwenye kadi ya vyombo vya habari. Kitambulisho chako cha kitaifa kinatosha. Alafu kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016, na chuo cha umma ni taasisi ya umma kama zingine. Unaandika barua ya kuomba, na sheria yenyewe inasema kwa Kiingereza ama kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili! Kuwasilisha ombi ni bure, wanaweza tu kukulipisha gharama ya nakala. Wana siku 21 za kukujibu. Ikiwa habari inahusu uhai ama uhuru wa mtu ni masaa 48. Wakitaka kuongeza muda wanaweza, mara moja, siku zisizozidi 14. Na wakinyamaza, ule mchezo wa kunyamaza tunaujua wote, sheria inasema kunyamaza ni kukataa, na wakikataa unapeleka malalamishi kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ofisi watu huita Ombudsman, ndani ya siku 30.

Sasa barua yenyewe isiwe ya kulia. Nimesoma barua za wanafunzi, zinaanza "sisi wanafunzi tunaoteseka". Hapana. Ukiuliza "kwa nini hatuna maji?" utajibiwa "tunashughulikia". Uliza kitu ambacho kiko kwa karatasi. Omba nakala za risiti za maboza, yale malori ya maji, kuanzia Januari mpaka Machi. Omba mkataba wa mtu wa maboza. Omba idadi ya wanafunzi walioandika malalamishi ya maksi kupotea muhula uliopita, kwa kila idara, na ni wangapi wamesuluhishiwa. Hayo majibu ni namba, na namba haikasiriki, na mtu wa ofisi ambaye ni mwaminifu, na wapo, wengi kuliko mnavyodhani, atakuwa na sababu ya kukupa bila kuonekana amekuuzia siri.

Tena kuna ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Vyuo vya umma vinakaguliwa na ripoti zinawekwa wazi. Usiku mmoja tu, badala ya TikTok, fungua ripoti ya chuo chako, enda moja kwa moja mahali anasema hajaridhika. Nawahakikishia mtapata stori mbili kabla chai haijapoa.

Kuna komredi aliniandikia jana akasema lakini sisi ni wanafunzi tu, nani atatusikiza. Nikamwambia kuhusu Theo Baker. 2022, chuo cha Stanford kule California, mtoto wa mwaka wa kwanza, miaka 17, anaingia gazeti la wanafunzi, Stanford Daily, anaanza kufuatilia maswali kuhusu picha kwenye tafiti za kisayansi ambazo rais wa chuo, Marc Tessier-Lavigne, alikuwa mmoja wa waandishi. Chuo kikaunda jopo. Jopo likasema rais hakughushi data yeye mwenyewe, lakini tafiti kadhaa zilikuwa na kasoro nzito na hakuzisahihisha ipasavyo, na Julai 2023 akatangaza anajiuzulu. Mtoto wa fasti yia! Akapewa tuzo ya Polk, tuzo kubwa ya uandishi wa habari kule Marekani, mdogo kuliko wote waliowahi kuipata.

Sasa kabla hamjanipigia makofi, wazazi wake wote wawili ni waandishi wakubwa Marekani, kwa hivyo usilinganishe na wewe ambaye mzazi wako bado anauliza uandishi ni kazi gani. Mimi kinachonigusa kwa hiyo stori ni kitu kidogo ambacho watu hupita. Lile gazeti lilijitenga na chuo tangu 1973, lina shirika lake na pesa zake. Rais wa chuo hawezi kuwaambia mwezi huu hakuna karatasi. Nyinyi gazeti lenu analipia nani? Ofisi ya wanafunzi? Na anayesoma kabla halijatoka ni nani? Mmm. Nimesikia hicho kicheko. Basi kinyozi na mtu wa photokopi, narudi kwao, shilingi elfu moja ya kinyozi ni tamu kuliko elfu hamsini ya ofisi, kwa sababu kinyozi hataki kusoma habari yako kabla. Na wagombea wa uchaguzi wa wanafunzi, wakija na ile "chukua hii ya fare", wewe sema nimekuja kwa miguu. Bahasha za kuhonga waandishi hazianzii kwa mawaziri jameni, zinaanzia hapa, kwa mia tano ya komredi anayetaka kuwa kiongozi.

Kuhusu sheria za kashfa, haraka haraka kwa sababu mtaniuliza. Mahakama Kuu ilifuta kosa la jinai la kuharibia mtu jina mwaka wa 2017, kwa hivyo hufungwi jela kwa hilo, lakini kesi ya madai ipo na unaweza kulipa mpaka mzazi auze shamba. Na Baraza la Vyombo vya Habari hutoa kadi za waandishi, wanafunzi wana kundi lao, chukueni. Haya tuendelee.

Lugha. Mimi nitawauliza swali moja tu. Hapa ndani tangu mje mmeongea lugha gani? Kiswahili, na Sheng ikichanganywa. Huko hosteli? Hiyo hiyo. Sasa mbona ukifungua gazeti lenu ni Kiingereza cha notisi ya mahakama? Mnamwandikia nani? Mpishi ni sehemu ya chuo. Soja ni sehemu ya chuo. Wa kufagia, dereva wa basi, mama wa chapati nje ya geti anayewakopesha mpaka mkopo wa Helb uingie, wote mnawaandika na hawawasomi. Kampuni ya Nation yenyewe ilianza na gazeti la Kiswahili, Taifa, kabla hata Daily Nation haijazaliwa 1960, na mpaka leo Taifa Leo iko mitaani kila asubuhi. BBC ya Kiswahili ina watu hapa Nairobi. Kazi za Kiswahili ziko na mnaziacha kwa sababu mwalimu wa Kiswahili wa Form Three aliwatisha na ngeli. Mwalimu, samahani, si wewe.

Na tafadhali msitafsiri. Juzi nimeletewa stori inasema "chanzo ambacho kilitafuta kutotajwa jina". Kilitafuta wapi? Kilipotelea wapi? Sema "mmoja wa wafanyakazi, ambaye aliomba tusimtaje". Ongea kama unamwambia nyanya yako.

Nimalize na jambo ambalo si la kuchekesha. Tarehe 25 Juni 2024 wengi wenu mlikuwa tao, siku watu waliingia Bunge kwa ajili ya ule Mswada wa Fedha. Simu zenu ziliona vitu ambavyo kamera za televisheni hazikuona. Na mwaka uliofuata, tarehe hiyo hiyo, serikali ikazima matangazo ya stesheni kadhaa kwa sababu ya kuonyesha maandamano moja kwa moja, mpaka korti ikaingilia. Kwa hivyo kuna siku simu ya mwanafunzi ndo itakuwa gazeti la pekee. Sawa. Lakini ile picha yako nzuri, moshi umepanda, komredi ameinua mkono, uso unaonekana mpaka kovu la paji, kabla hujaipandisha kumbuka Jumatatu yuko darasani safu ya tatu, na wewe si mtu wa pekee anayeangalia hiyo picha. Ziba uso. Ama muulize. Dakika moja tu ya kumuuliza.

Na hii inanirudisha kwa daftari, kwa sababu kuna mtu ananiangalia hapa mbele anataka kujua kama tuliliandika.

Tulitaka. Nikamwomba Mathe nipige picha ile kurasa. Akakataa. Akasema, "Hii jikoni wanaojua kuandika hesabu ni wawili, na mmoja yuko likizo." Yaani zile namba zikitoka vile zilivyo, mkubwa wake hata haulizi nani, anajua. Mimi na ujinga wangu wa miaka ishirini sikuwa nimefikiria hilo. Nilikuwa nataka nilipe deni lake kwa kumfutisha kazi.

Tukafanya hivi. Asubuhi tatu, saa kumi na mbili kasoro, baridi ya Julai mnaijua, tukasimama karibu na geti la jikoni, wawili, tukajifanya tunangoja mtu. Gari ya nyama ikaja. Tukahesabu kreti zinazoshuka. Siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu. Siku ya tatu dereva akatuuliza tunataka nini, tukamwambia ukweli, na yeye, sijui alikuwa amekasirikia nini, akatuambia kila kreti ni kilo ngapi na kwamba bosi wake hajalipwa tangu Aprili. Tukampigia bosi. Akathibitisha. Tukapeleka maswali ofisini kwa maandishi, tukangoja, hakuna jibu, tukaandika kwamba hakuna jibu. Daftari halikutajwa, Mathe hakutajwa, na namba zetu zilikaribiana na zake kama kilo mbili hivi. Tukaiandika Kiswahili safi ukurasa wa kwanza.

Nyama haikuongezeka, nisiwadanganye. Muhula mzima ilibaki vipande vitatu. Walichofanya ni kushusha bei shilingi kumi na kutuita ofisini kutuuliza nani aliwatuma.

Basi hapo nitaacha. Ile barua ya kuomba habari nimeiandika mfano kwa Kiswahili, nakala hamsini, ziko mezani karibu na soda, nimeacha nafasi ya jina la chuo na jina lako. Chukueni kabla ya soda, si baada. Maswali?

(Maswali yalikuwa mengi, mengine nitayajibu siku nyingine. La mwisho aliuliza msichana wa mwaka wa kwanza aliyekaa sakafuni karibu na mlango: "Na Mathe alikusamehe?")

Hakuwahi kusema. Kuanzia siku ile aliacha kuniita kijana, akawa ananiita Gazeti. "Gazeti, songa, unazuia foleni." "Gazeti, leo ni maharagwe, andika." Mpaka namaliza mwaka wa nne ni Gazeti tu. Siku ya mtihani wangu wa mwisho nikapita kwa dirisha, akaniwekea vipande vinne, hakuna mfupa hata mmoja, akaniangalia, akasema, "Hesabu."